Tairi Limelika Upande Mmoja: Tafuta Chanzo Kabla ya Kulihamisha

Usiku mmoja nilitoka kwenye sakiti ya Dubai Autodrome, uwanja wa mbio za magari, nikiwa nimeridhika kabisa. Gari langu ni Toyota GT86, si gari la kutisha mtu, lakini usiku ule lilikuwa linakwenda vizuri. Nikachuchumaa kutazama matairi kwa tochi ya simu. Tairi la mbele kushoto, ule ukingo wa nje unaotazama barabara, palikuwa na kitu kinameta. Nyaya. Katikati ya tairi lile lile mifereji ilikuwa bado na milimita 4, na upande wa ndani milimita 5. Zaidi ya nusu ya raba niliyoinunua ilikuwa haijaguswa, na tairi limekufa.

Nililipeleka kwa fundi mmoja mzee, mtu wa Mombasa aliyekaa Sharjah miaka mingi. Aliligeuzageuza mikononi, akapitisha kiganja juu yake, akasema: "Mwanangu, tairi hii haikuisha. Imeonewa."

"Sasa haya matatu yaliyobaki, mzee, niyahamishe vipi?"

"Usihamishe kitu. Mjue kwanza anayeyaonea. Ukihamisha leo, utamletea mwingine wa kuonewa."

Mwongozo huu ni kazi ya neno lile. Watu wengi tunaoendesha kwenye sakiti siku za mapumziko tunaona bega moja la tairi, yaani ukingo wake, limelika, tunakimbilia kubadilishana matairi mbele na nyuma, na baada ya siku mbili tatu za mbio tuna matairi manne mabovu badala ya moja. Kuhamisha ni dawa ya mwisho, na ni dawa nzuri sana ikija kwa wakati wake.

Pima kwanza

Vifaa ni vichache: kipimo cha kina cha mifereji, geji ya upepo iliyo ya kuaminika (si ile ya kituo cha mafuta), kipimajoto cha sindano, chaki, na daftari. Kila tairi lipime mahali patatu: bega la nje, katikati, bega la ndani. Utapata namba 12. Ziandike. Usitegemee macho, kwa sababu bega la ndani la tairi la nyuma huwezi kuliona bila kulala chini, na huko ndiko nyaya hupenda kuchungulia kwanza kwenye magari yaliyoshushwa.

Kipimajoto cha sindano kinachomwa kwenye raba yenyewe, milimita chache ndani, mara tu unaposimama. Kile cha kumulika kwa mwanga mwekundu kinasoma ngozi ya juu tu, na ngozi hupoa ukiwa bado unaingia sehemu ya kuegesha. Soma tena pale patatu. Hesabu yake ni hii: katikati pakiwa moto kuliko wastani wa kingo mbili, upepo ni mwingi, kingo zote mbili zikiwa moto kuliko katikati, upepo ni mdogo, nje pakiwa moto kuliko ndani, tairi linaegemea bega la nje na linahitaji kuinamishwa zaidi. Upande wa ndani kuwa moto kidogo kuliko wa nje, digrii 5 hadi 10 za sentigredi, ni hali nzuri. Ina maana tairi lililoinamishwa linafanya kazi yake kwenye kona, na joto lile la ndani limetoka kwenye sehemu zilizonyooka.

Chaki ni ya bure na inasema mengi. Chora mistari minne mitano kutoka kwenye uso wa tairi kushuka ubavuni, kisha zunguka mara tatu kwa kasi. Matairi mengi ya kasi yana alama ndogo ya pembetatu begani. Chaki ikifutika mpaka kwenye ncha ya pembetatu ile, sawa. Ikifutika kupita pembetatu na kuingia ubavuni, tairi linajikunja na kutembelea sehemu ambayo haikutengenezwa kutembelewa. Ikifutika nusu tu ya bega, kuna raba unaibeba bila kuitumia.

Bega la nje la mbele limekwisha, la ndani bado zima

Hili ndilo tatizo la watu wengi, na ndilo lililoniua mimi. Sababu zake ni tatu au nne na mara nyingi zinakuja pamoja, kwa hiyo zifuate kwa mpangilio wa bei: anza na ile isiyo na gharama.

Upepo. Tairi lenye upepo mdogo hulala ubavu kwenye kona na kutembelea bega. Namba ya kuangalia ni ya upepo ukiwa moto, maana huo ndio unaoendesha nao. Kwa gari jepesi kama langu, kwenye matairi ya barabarani yenye raba laini, mimi hutafuta 32 hadi 34 psi mara tu ninapotoka kwenye njia. Ili kufika hapo huanza na 26 au 27 asubuhi. Gari zito litataka zaidi, na mtengenezaji wa tairi ana maelekezo yake, yasome. Lakini usiongeze upepo ili kuficha tatizo la mwinamo. Ukijaza mpaka bega liinuke, utaliokoa bega na kuliua katikati, na gari litateleza kama liko juu ya mbegu za ufuta.

Mwinamo, ambao mafundi wanauita kemba. Ukilisimamia gari mbele na kuona matairi yamepanua miguu, juu yameingia ndani na chini yametoka nje, hiyo ni kemba hasi. Gari likilala kwenye kona, tairi la nje hulazwa nalo. Usipokuwa umeliinamisha upande wa pili kabla, litaishia kusimama kwenye bega lake. Magari ya kawaida hutoka kiwandani yakiwa na kemba ndogo sana mbele, karibu na sifuri kwa mengi yenye shokapu za aina ya McPherson, GT86 na Impreza zikiwamo. Kwa kwenda kazini inatosha. Kwa sakiti ni kidogo mno.

Kuna njia mbili za kuongeza. Boliti maalumu za kemba ni rahisi na hutoa digrii moja au moja na nusu hivi. Bamba za kemba, zinazokaa juu ya shokapu, hukupa digrii 3 na zaidi, na unaweza kuzirudisha ukitaka. Mimi nilifunga bamba, nikaenda digrii 2.5 hasi mbele. Tairi lililofuata, baada ya siku zile zile za mbio, lilikuwa na milimita 4 nje na 4.5 ndani. Gharama ya bamba ilirudi kwa seti moja ya matairi. Sikuamini mpaka nilipopima mara ya pili.

Kumbuka jambo moja: ukibadilisha kemba, matairi hubadilisha pia yanakotazama. Lazima alaimenti ipimwe upya siku ile ile. Kuna gereji moja walinifungia bamba vizuri kabisa, wakanikabidhi ufunguo bila kupima, nami sikuuliza. Wiki tatu za barabara ya kawaida zikala bega la ndani la matairi mapya.

Sababu nyingine ni gari kulala sana. Springi laini, shokapu zilizochoka, stebilaiza (ule ufito unaozuia gari kulala) nyembamba. Kemba ya digrii 2.5 ikiwa imesimama inaweza kuwa haipo kabisa gari likilala. Angalia shokapu kama zinavuja kabla ya kununua chochote kipya.

Na sababu ya mwisho, ambayo hakuna spana inayoirekebisha, ni mikono yako. Nitairudia chini, maana inastahili sehemu yake.

Bega la ndani limelika, na wewe hukuliona

Hapa mshitakiwa wa kwanza huwa kemba, na mara nyingi anasingiziwa. Kemba hasi peke yake hula ndani polepole. Kinachokula haraka ni kemba hasi pamoja na matairi yasiyotazama mbele sawasawa. Mafundi huita toini pale matairi yanapoangaliana kwa mbele, na toauti yanapotazama nje, kila moja na upande wake. Toauti ndogo mbele hulifanya gari liingie kona kwa hamu, na ndiyo maana watu wa sakiti wanaipenda. Lakini kwenye barabara kuu, kilomita 100 moja kwa moja, kila tairi linaburutwa kidogo kidogo likiwa limesimama kwenye ukingo wake wa ndani. Ni kama kusugua ufutio kwenye meza toka Dubai mpaka Abu Dhabi.

Kiganja kitakuambia kabla ya mashine. Pitisha mkono juu ya uso wa tairi kwenda nje, kisha kuja ndani, kama unavyompapasa paka: upande mmoja laini, upande wa pili unakwaruza. Ukikwaruzwa mkono ukitoka ndani kwenda nje, toini imezidi. Ukikwaruzwa ukitoka nje kuja ndani, ni toauti. Ikiwa kote ni laini lakini bega limelika, hapo ndipo umtazame kemba.

Kama gari lako linakwenda na kurudi sakiti kwa matairi yale yale, shauri langu ni kemba ya wastani, digrii 2 au 2.5, na matairi ya mbele yatazame mbele sawasawa, sifuri. Nyuma weka toini ndogo ili gari litulie. Utapoteza kidogo sana kwenye kona na utaokoa mabega ya ndani kabisa.

Alaimenti ikiwa inahama kila mwezi hata ukiirekebisha, acha kulipia mashine. Nyanyua gari, shika tairi saa 3 na saa 9 ulitikise, kisha saa 12 na saa 6. Ukisikia linacheza, kuna kiungo kimechoka: tairodi, bolijointi au beringi. Bushi za mikono ya chini, zile raba za vyuma vinavyoshikilia gurudumu, zikichanika, tairi hutazama mbele likiwa limesimama kwenye mashine, na likipigwa breki linatazama linakotaka. Joto la Ghuba halizionei huruma bushi za raba.

Kushoto kumekwisha, kulia kama mapya

Usihangaike kutafuta kosa kwenye gari kabla ya kujiuliza sakiti yako inazunguka upande gani. Dubai Autodrome inazunguka kufuata mshale wa saa, kwa hiyo kona nyingi ni za kulia na uzito wote unaangukia matairi ya kushoto. Yas Marina, Abu Dhabi, inazunguka kinyume cha saa, na huko ni matairi ya kulia yanayolia. Wenzetu walioko Uingereza wanaokwenda Silverstone au Brands Hatch watalika kushoto kama sisi wa Dubai. Walioko Texas wakienda Circuit of the Americas watalika kulia.

Huu si ugonjwa, ni desturi ya mahali, na dawa yake ni kalenda. Mimi sasa nikishakwenda Dubai mara mbili naweka siku moja ya Yas kabla sijagusa jeki. Namba kwenye daftari zinaanza kurudiana zenyewe.

Ila kuna hila moja ya jua ambayo ilinichukua muda kuielewa. Ukiegesha gari mchana, upande mmoja ukaangaliwa na jua na mwingine uko kivulini, geji itakuonyesha 29 kushoto na 27 kulia. Utapunguza kushoto ili yalingane. Jua likizama, yote yakipoa sawa, kushoto kumebaki na upepo mdogo, nako ndiko kunakobeba mzigo. Upepo wa tairi hupanda au kushuka psi moja hivi kwa kila digrii 5 au 6 za joto. Kwa hiyo jaza asubuhi na mapema au sehemu yenye kivuli, na marekebisho ya mwisho yafanye tairi likiwa moto, mara tu ulipotoka kwenye njia, yote manne ndani ya dakika mbili tatu.

Na kabla ya kurudi nyumbani, rudisha upepo uliopunguza. Tairi lililowekwa 33 likiwa la moto litakuwa 26 au chini yake asubuhi, na kwenye barabara kuu kwa kilomita 120 kwa saa hilo ni tairi la kupasuka.

Katikati pamelika, au mabega yote mawili

Katikati: upepo mwingi. Mabega yote mawili kwa pamoja: upepo mdogo. Nyuma ya gari lenye nguvu linalosukuma kwa matairi ya nyuma, katikati hulika pia kwa sababu ya mguu mzito wakati wa kutoka kona. Rekebisha upepo wa moto kwa psi moja moja, uandike, upime joto tena.

Usukani unatetema

Usikimbilie kudhani tairi limeharibika. Ukimaliza mbio na kuzunguka polepole kupoza gari, matairi yakiwa bado yana joto na yananata, huokota vipande vya raba vilivyotapakaa kando ya njia. Unaingia padoki, yaani sehemu ya kuegesha, usukani unatetema, uso wa tairi una mabaka kama ubani uliogandana. Kwangua kwa kitu butu, au zunguka mara mbili kwa kasi, yatatoka. Wakati wa kupoza gari, baki kwenye njia safi.

Mtetemo ukiendelea, tafuta kipara. Tairi lililofungwa na breki likaburutwa bila kuzunguka huachwa na duara bapa, wakati mwingine lenye ukubwa wa kiganja. Kipara kidogo hulainika kwa siku moja ya mbio. Kikubwa hakiponi: kila ukikanyaga breki tena, tairi hupenda kusimama pale pale, na kipara kinazidi. Ukiona nyuzi za ndani au rangi tofauti ya raba katikati yake, tairi hilo limemaliza safari. Magari mapya yana ABS, inayozuia tairi kufungwa na breki, na hili huwapata zaidi wanaoizima, au waliozunguka kama pia wakiwa na mguu juu ya breki.

Mashimomashimo yanayojirudia kuzunguka tairi, bonde na kilima, ni shokapu iliyokufa au balansi iliyopotea. Hapo usihamishe tairi mpaka shokapu ibadilishwe.

Uso umechanika, umevimba, au umesagika

Raba ikiwa imejiviringisha juu ya uso kama mabaki ya ufutio, tairi liliteleza kabla halijapata joto. Hutokea sana usiku wa Januari, na mizunguko ya mwanzo pale upepo ulipoleta mchanga juu ya lami. Endesha kwa utulivu mizunguko miwili na hali hiyo husafika yenyewe. Mtu anayetoka padoki na kushambulia kona ya kwanza anaikata raba yake bure.

Vitundu na malengelenge ni kesi nyingine: joto limezidi ndani ya raba mpaka imetokota. Ikianza hivyo, punguza urefu wa kila zamu. Mimi huenda mizunguko 4 ya nguvu, mmoja wa kupoza, kisha natoka. Kwenye miezi ya joto lami ya hapa haisamehe, na mzunguko wa saba wa nguvu hula raba bila kukupa hata sehemu ya kumi ya sekunde. Lami ikiwa moto hivyo, tairi laini la barabarani halifai kabisa kupigwa nusu saa mfululizo.

Vipande vizima vinavyong'oka begani huja kwa tairi jipya lenye kashata ndefu (ile raba inayosimama kati ya mifereji) lililopigwa kabla halijazoea. Tairi jipya lipashe moto siku ya kwanza kwa zamu moja ya taratibu, kisha liache lipoe kabisa, ikiwezekana mpaka kesho yake. Litakaa muda mrefu zaidi.

Na kuna tairi ambalo lina mifereji ya kutosha, halina ubaya wowote wa kuonekana, lakini halishiki. Limepikwa. Kila linapopanda joto na kupoa raba inakakamaa kidogo. Bonyeza ukucha: raba hai inarudisha alama polepole, iliyokakamaa haikubali hata alama. Tairi hilo halirefushwi maisha. Litumie kujifunzia gari kuteleza kwenye uwanja mpana, au liache.

Mikono yako

Niliahidi kurudi hapa. Mwalimu mmoja alikaa kiti cha abiria akanitazama mizunguko mitatu bila kusema. Kisha akaniuliza: "Ndugu yangu, pua ya gari ikikataa kona, mikono yako inafanya nini?" Nikamwambia naongeza usukani. "Basi hiyo ndiyo inayolila tairi lako."

Tairi la mbele lina kikomo cha kugeuka ambapo hushika kuliko yote. Ukipita hapo, usukani zaidi hauongezi kona. Unaliburuta tairi ubavu, likisagika kwenye bega la nje. Na kwa sababu gari halijageuka, mtu huongeza tena. Dawa ni kinyume cha hisia: punguza mafuta kidogo, fungua usukani kidogo, subiri pua irudi, ndipo uendelee. Mara ya kwanza inaogopesha. Sikiliza tairi: likishika vizuri huimba sauti ya chini iliyo sawa, likisagika hupiga kelele ya juu inayokatika. Kelele hiyo ni bega la nje linakwenda.

Maliza sehemu kubwa ya breki gari likiwa limenyooka, kisha iachie taratibu unapoingia kona. Geuza usukani mara moja kwa ulaini badala ya kuutupa. Toka kona ukifungua usukani kadiri unavyoongeza mafuta. Haya matatu, pamoja na bamba za kemba, yameniongezea siku za mbio kwa kila seti kuliko kitu kingine chochote nilichonunua.

Sasa hamisha

Chanzo kimepatikana na kimeondolewa. Sasa daftari lina kazi. Mimi huhamisha tofauti kati ya matairi ikifika milimita moja au moja na nusu, sisubiri zaidi.

Tazama kwanza aina ya tairi ulilonalo. Yenye maandishi ya nje na ndani, kama Michelin Pilot Sport Cup 2, yanaweza kwenda upande wowote wa gari ilimradi ule uso wa nje ubaki nje. Kama saizi ni moja mbele na nyuma, la mbele kushoto lililochoka lipeleke nyuma kulia, na la nyuma kulia lije mbele kushoto. Uzuri wa GT86 ni huo: 215/45 R17 kote.

Yenye mshale wa mzunguko, kama Toyo R888R, hayahami upande yakiwa kwenye rimu. Lakini yavue kwenye rimu, yageuze, na badilishana kushoto na kulia: mshale unabaki sahihi, na bega la nje lililolika linakuwa la ndani. Hii ndiyo njia bora kabisa ya kuokoa tairi lililolika upande mmoja. Mpe fundi mwenye mashine nzuri, maana kingo zinazokamata rimu huchanika kirahisi, na balansi ifanywe upya.

Wapo wanaogeuza hata yale yenye nje na ndani. Mtengenezaji hakubali, na kwenye mvua mifereji inakuwa imekaa kinyume. Mimi nimefanya kwa matairi ya sakiti pekee, siku kavu, yaliyobebwa nyuma ya gari badala ya kuendeshwa barabarani. Kwa tairi la kurudia nyumbani, sifanyi.

Wenye BMW M na Porsche 911, ambao nyuma ni pana kuliko mbele, hawana mbele na nyuma ya kubadilishana. Kwao ni kushoto na kulia tu, na kugeuza kwenye rimu pale aina ya tairi inaporuhusu. Na wenye Impreza wawe waangalifu zaidi: Subaru hutaka mzingo wa matairi manne usitofautiane zaidi ya milimita 6 hivi, yaani kama milimita moja ya kina, la sivyo difu ya kati, inayogawa nguvu mbele na nyuma, inafanya kazi bila kupumzika. Kwao kuhamisha mapema ni kuokoa giaboksi pia.

Ambalo haliokolewi

Nyaya zikionekana popote, hata sentimita mbili, tairi limekwisha. Uvimbe ubavuni, limekwisha. Lililowahi kuzibwa tundu libaki mjini, lisirudi sakiti. Soma namba nne za mwisho kwenye maandishi ya ubavuni yanayoanza na DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na raba ya zamani hivyo hata kama ina kashata haifai mwendo wa juu. Lenye chini ya milimita 1.6 halifai barabarani kisheria, na kama ulikuja sakiti ukiliendesha, piga simu gari la kubeba.

Tairi langu la usiku ule bado ninalo, limeegemea ukuta wa gereji. Kila seti mpya ikifika naiweka pembeni mwake, naandika tarehe kwenye daftari, napima namba 12 za kwanza kabla hata ya kufunga nati.